Riba ya Mikorosho

Kwetu Maneromango, wilayani Kisarawe, shamba lina mwenyewe na mkorosho una mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Aliyepanda miti kwenye ardhi ya ukoo aliweza kuirithisha, kuigawa, na pale alipobanwa, kuiweka rehani. Hiyo ndiyo benki niliyoikuta. Mtoto akilazwa, msiba ukiingia, binti akitakiwa kuchezwa na fedha ya ngoma haipo, mwenye shida alikwenda kwa mwenye uwezo, akapewa alichoomba mbele ya mashahidi, na msimu ulipofika mwenye fedha akaingia kwenye mikorosho na kuokota kila kilichodondoka. Aliokota msimu huo, na uliofuata, na uliofuata tena. Korosho hizo hazikupunguza deni hata senti moja. Miti ilirudi kwa mwenyewe siku aliporudisha kiasi kilekile alichokopa.

Mjomba wangu, aliyenilea, aliweka rehani mikorosho yake nikiwa bado shule ya msingi, na alifariki haijarudi. Aliyeichukua naye ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo sina ugomvi na mtu. Ninachotaka ni kuihesabu rehani ile kama ninavyowahesabia wanafunzi wangu wa hisabati za fedha chuo kikuu, kwa sababu naamini somo hilo lilikuwepo kwetu kabla ya chuo chenyewe, na waliolijua ndio waliokula korosho.

Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000, na miti yake inatoa korosho za shilingi 40,000 kwa msimu baada ya kutoa gharama ya kupalilia na kuokota. Wote wawili ni Waislamu, riba ni haramu, na hakuna aliyeitaja. Lakini imo: asilimia 40 kwa mwaka. Baada ya misimu mitatu mkopeshaji ameshapata 120,000 na bado anadai 100,000 yake. Wanafunzi wakifika hapo darasa huguna, na wengi wako tayari kumwita mnyonyaji. Huwa nawaambia wangoje kwanza. Mvua ikinyesha wakati mikorosho imechanua, au ugonjwa wa ubwiriunga ukishika maua, msimu umekwenda na aliyepata hasara ni mkopeshaji, maana mwenye miti hadaiwi fidia. Ikiwa msimu mmoja katika kila minne unaharibika kabisa, wastani wa mapato yake ni 30,000 kwa mwaka, na riba inashuka hadi asilimia 30. Ndani ya hiyo 30 kuna ujira wa kungoja na kuna ujira wa kubeba hatari. Kuvitenganisha hivyo viwili, na kusema kila kimoja kina thamani gani, ndiyo kazi ya fani hii tangu mwaka wa kwanza hadi shahada ya uzamivu. Mjomba hakuwa na wa kumfanyia kazi hiyo. Nikiifanya leo kwa makadirio ya mavuno ninayoyakumbuka, naona kwamba hata ukimpa mkopeshaji haki yake yote ya kungoja na ya hatari, miti ya mjomba ilistahili kurudi mapema sana.

Pwani ilijua mikataba mizito zaidi ya huo. Karne ya 19, kati ya Muscat na Unguja, palikuwa na bei khiyari: mwenye shamba la mikarafuu aliyehitaji mtaji alimuuzia tajiri shamba lake, kadhi au mwandishi akaandika waraka, na ndani ya waraka muuzaji akabakiziwa haki ya kulinunua tena kwa bei ileile kabla ya muda fulani kwisha. Mara nyingi alibaki palepale shambani akimlipa mnunuzi kodi, na kodi hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya tajiri. Fedha za namna hiyo zilisafirisha watu na bidhaa kutoka pwani hadi Tabora na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwanahistoria Fahad Bishara amezisoma nyaraka hizo kwa mamia na kuonyesha jinsi bahari nzima ilivyofungwa kwa madeni.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anafundishwa mkataba unaompa mtu haki, bila kumlazimisha, ya kununua kitu kwa bei iliyopangwa ndani ya muda uliopangwa. Ndicho hasa alichokuwa nacho mwenye mikarafuu. Karafuu zikipanda bei, analikomboa shamba, zikianguka, analiacha. Haki hiyo ina thamani yake hata kabla haijatumika, na swali la thamani hiyo ni kiasi gani liliwasumbua wanahisabati kwa muda mrefu. Louis Bachelier alilishika katika tasnifu aliyoitetea Paris mwaka 1900, akichukulia kwamba bei hutembea kwa kubahatisha. Fischer Black na Myron Scholes walichapisha jibu lao maarufu mwaka 1973, na Robert Merton akaliendeleza mwaka huohuo. Nitaurudia mwaka huo, kwa sababu Kisarawe inaukumbuka kwa jambo jingine.

Kabla ya hapo kuna Wajerumani. Kuanzia mwaka 1902 serikali yao ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba katika wilaya ya Dar es Salaam, na Uzaramo, yaani kwetu, ilikuwa ndani yake. Kila eneo la jumbe lililazimika kulima. Fedha ya pamba iligawanywa mafungu matatu: la wakulima, la jumbe, na la kamati iliyosimamia. Malipo ya kwanza ya mkulima yalikuwa senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima, na wengi walikataa kuzipokea. Watu waliokataa senti zile walikuwa wamepiga hesabu vizuri kabisa. Walijua siku walizotoa, walijua muhogo na mpunga ambao haukulimwa, walijua kodi waliyodaiwa. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipozuka, Uzaramo iliingia, na Jumbe Kibasila alinyongwa. Jina lake liko leo kwenye shule ya sekondari mjini Dar es Salaam.

Mwingereza alikuja na jambo la namna nyingine. Sheria yake ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilisema kwamba mtu asiye mwenyeji hawezi kumdai Mwafrika deni mahakamani bila deni hilo kuwa na kibali cha ofisa wa serikali. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumlinda mkulima na madeni. Benki ikawa haina sababu ya kumwangalia mtu wa Maneromango, na rehani ikaendelea bila maandishi, ikitegemea kumbukumbu za mashahidi ambao nao walikufa mmoja mmoja.

Hisabati yenyewe iliingia kwa njia ya shule, na hapa wilaya mbili jirani, Kisarawe na Kibaha, zina bahati yao. Mwaka 1925 wamisionari wa UMCA waliihamisha shule yao ya Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Zanzibar, wakaileta Minaki, mwendo mfupi tu kutoka Kisarawe mjini. Ng'ambo ya misitu, kwenye barabara ya Morogoro, Tanganyika na nchi za Nordiki zilitia saini mwaka 1963 mradi wa Kibaha: shule ya sekondari, kituo cha afya, na kituo cha kuwafundisha wakulima, vyote kwenye eneo moja pale Tumbi. Sekondari ilifunguliwa mwaka 1965, na mwaka 1970 mradi wote ukakabidhiwa serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Jakaya Kikwete alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa miaka ya mwanzo, kabla hajakwenda Tanga na baadaye kusoma uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani.

Nami nilipita Kibaha, mwishoni mwa miaka ya 1980. Tulifundishwa vizuri. Logi tulizisoma kwenye majedwali mpaka kurasa zikachakaa, na riba tulifundishwa kwa maswali ya Bwana Juma aliyeweka fedha benki kwa asilimia fulani kwa miaka fulani, atapata kiasi gani. Bwana Juma huyo hakuwahi kuweka rehani mti. Hakuwahi kukosa msimu. Hakuna aliyetuambia kwamba kanuni ile ile ya riba juu ya riba ingeweza kumweleza mzee aliyeketi barazani Kisarawe kwa nini mikorosho yake hairudi, na nadhani hata walimu wetu, waliokuwa hodari kweli, hawakuwa wameambiwa.

Sababu yake si ya shule peke yake. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, mabenki yaliunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, na bima ikawa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa. Viwango vya riba vilipangwa na serikali, na kwa hiyo hapakuwa na cha kukisia. Chuo kikuu pale Mlimani kilitoa wanahisabati wazuri, nao wakawa walimu wa sekondari, watu wa takwimu za serikali, wengine wahadhiri. Hata Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, haukuwahitaji sana. Ulimkata mfanyakazi, mwajiri akaongeza, na siku ya kustaafu mtu akapewa fungu lake lote kwa mkupuo na faida yake. Mfuko haukuwa na haja ya kujua ataishi miaka mingapi zaidi.

Na mwaka 1973? Mwaka ambao Chicago ilifungua soko la kuuza mikataba ya haki za kununua hisa, Tanzania ilitangaziwa mwezi Novemba kwamba kuishi vijijini ni amri. Msimu huohuo wa 1973/74 nchi ilivuna korosho kiasi cha tani 145,000, ambazo hazikufikiwa tena kwa miongo kadhaa. Watu walihamishwa wakaiacha miti nyuma. Mwendo ukawa mrefu, magugu yakapanda, mioto ikapita, na ubwiriunga ukamalizia. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000, na kiwanda cha korosho kilichojengwa Kibaha hakikuwa na cha kubangua. Mkorosho uliokuwa dhamana ya mkopo ukawa kichaka. Nikiwasikia watu wakisema kwamba wazee wetu hawakuweka akiba, nawaambia waliweka, na akiba yenyewe ilikuwa imesimama kwa mizizi mahali ambapo hawakuruhusiwa tena kuishi.

Mambo yaligeuka mbele ya macho yangu. Sheria ya mabenki ya 1991 ilifungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka 1993, nikiwa Mlimani, Benki Kuu ilianza kuuza dhamana za serikali za muda mfupi kwa mnada, na kwa mara ya kwanza tangu Azimio bei ya fedha ilitokana na watu kushindana. Mwaka 1996 sheria mpya ikafungua biashara ya bima. Mwaka 1997 ikapitishwa sheria ya kuugeuza ule mfuko wa akiba kuwa NSSF, ukianza kulipa pensheni ya kila mwezi mpaka mtu anapofariki. Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza kazi na kampuni moja, TOL.

Katika hayo yote, lililozaa ajira kwa wanafunzi wangu ni lile la pensheni, ingawa vijana wenyewe huja wakiota soko la hisa. Ukiahidi kumlipa mtu kila mwezi mpaka kifo, unahitaji kujua watu wa umri wake hufa kwa kasi gani. Edmond Halley, yule wa nyotamkia, alitengeneza jedwali la namna hiyo mwaka 1693 kwa kumbukumbu za vifo za mji wa Breslau na kulitumia kukadiria bei ya malipo ya maisha. Hapo ndipo ilipozaliwa fani tunayoiita takwimu bima, ambayo sasa inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na pale IFM. Mwanafunzi huanza na kalkulasi na aljebra, akaingia kwenye uwezekano na takwimu, kisha nadharia ya riba, majedwali ya vifo, bei za hatifungani, na kompyuta ndani ya vyote. Baada ya shahada bado kuna mitihani ya kitaaluma ya Uingereza au Marekani, inayochukua miaka na inayolipiwa kwa fedha za kigeni. Wengi huishia njiani, na si kwa kukosa akili.

Nikiulizwa na mzazi wa Mlandizi kama mwanawe atapata kazi, namjibu bila kumficha. Nafasi zenye jina hilo kwenye tangazo ni chache. Waliofanikiwa niliowafundisha wako kwenye mifuko ya hifadhi, kampuni za bima, idara za vihatarishi za mabenki, Benki Kuu, na kampuni zinazokopesha kwa simu. Karibu wote ni watu wanaoweza kuandika programu ya kompyuta asubuhi na mchana wakawaeleza wajumbe wa bodi kwa Kiswahili kinachoeleweka. Aliyekosa hilo la pili hubaki chumba cha nyuma.

Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao ya wastaafu, ndicho kilichonionyesha uzito wa hilo la pili. Pale Kibaha, nyumba yangu iko Picha ya Ndege, na jirani kuna walimu wastaafu. Mmoja, anayekaa Kwa Mathias, alinisimamisha barabarani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye wa hesabu za fedha? Hebu nieleze walichonifanyia."

Tulikaa barazani kwake tukapiga hesabu kwenye nyuma ya bahasha. Chukua mwalimu aliyetumikia miezi 360, na wastani wa mshahara wake bora ni shilingi milioni 12 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya watumishi wa serikali, unazidisha miezi kwa mshahara na kugawa kwa 540, unapata milioni 8. Nusu yake unaizidisha kwa 15.5, huo ndio mkupuo: milioni 62. Nusu iliyobaki unaigawa kwa 12, anapokea 333,333 kila mwezi. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, mgawanyo ni 580, unapata 7,448,276. Asilimia 33 yake unaizidisha kwa 12.5, mkupuo ni 30,724,138. Iliyobaki inampa 415,862 kwa mwezi.

Mzee aliangalia tarakimu zile kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo mwanafunzi mzuri angeuliza: hiyo nyongeza ya kila mwezi itachukua muda gani kufidia mkupuo uliopungua? Pengo la mkupuo ni 31,275,862, na nyongeza ni 82,529 kwa mwezi. Ukigawa unapata karibu miezi 379, zaidi ya miaka 31, na hapo hatujaweka riba. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 anatakiwa kuvuka 91.

Historia yake inajulikana. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa PSSSF, kanuni mpya ikaweka mkupuo wa asilimia 25 kwa wote, wafanyakazi wakalalamika, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akairudisha ya zamani kwa muda. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikapandisha hadi 40 kwa wale ambao awali walikuwa kwenye 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Mifuko nayo ilikuwa na sababu zake. Iliwalipa wastaafu wa miaka ambayo michango yao haikuwahi kuwekwa, hadi serikali ikatoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Mfuko ukifilisika, hata zile 333,333 hazipo. Haya niliyaeleza pale barazani na mzee aliyakubali. Kilichomuuma ni kwamba alitumikia miaka yote akijua namba moja, akaja kukuta nyingine, na katikati hakuna mtu aliyekuja Kibaha na bahasha na kalamu.

Nalichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa. Wale vijana tunaowafundisha majedwali ya vifo ndio wanaoandika kanuni hizi, na mtu aliyeandika kanuni anaweza kukaa na mwalimu mstaafu kwa saa moja akamweleza. Ni sehemu ya kazi yake, na mimi naiwekea alama kwenye mtihani.

Upande wa pili wa kaunta kuna mikopo ya riba kali inayoitwa kausha damu. Vibanda vya mikopo hiyo viko Maili Moja, viko Mlandizi, na wateja wake wakubwa ni akina mama wenye biashara ndogo. Asilimia 20 kwa mwezi inasikika ndogo kwa mtu aliyezoea kusikia asilimia 18 benki, ila ile ya benki ni ya mwaka. Deni la 100,000 likiachwa likue kwa 20 kila mwezi, baada ya miezi kumi na miwili ni 891,610. Rehani ya mjomba, pamoja na ukali wake, ilikuwa na huruma kuliko hiyo: deni lake halikukua, na msimu ukiharibika mkopeshaji aliumia pamoja naye.

Muhula huu nimewapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kazi ya vikundi. Wataanza Maneromango, Masaki na Mzenga, kisha Visiga na Mlandizi. Watauliza, kwa adabu, ni mikorosho mingapi imewekwa rehani, kwa kiasi gani, tangu msimu gani, na misimu ipi haikutoa kitu. Watakokotoa riba halisi ya kila rehani. Halafu watabuni mkopo unaolipwa korosho zinapouzwa, unaosamehe msimu uliokufa, na ambao mfuko uliotoa fedha unabaki salama. Watauandika kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili na kuurudisha kwa waliowahoji, ili wasomewe na waukosoe. Kundi la kwanza linaondoka Jumamosi kwa gari la Kisarawe kutoka Gongo la Mboto. Nimewaambia wabebe madaftari, maana wazee wengi hawapendi kuona maneno yao yakiingizwa kwenye simu.